Kuhamisha kalibresheni za NIR kwenda mashine mpya: kwa nini protini inasoma chini na nini cha kufanya

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo maabara ya kiwanda cha chakula cha kuku hapa Vingunguti. Tuna mashine ya zamani ya NIR (inayopima kwa mwanga wa infraredi ya karibu) ya gretingi (inayotenganisha mwanga wimbi kwa wimbi), nm 400 hadi 2500, yenye kalibresheni (hesabu za kugeuza usomaji wa mwanga kuwa jibu) tulizojenga kwa sampuli zaidi ya 600 za mashudu ya alizeti, soya na pumba za mahindi, zote zikiwa na majibu ya Kjeldahl (kipimo cha kemia cha protini kupitia naitrojeni). Sasa tumefunga getini mashine ndogo ya diodi (safu ya detekta zinazosoma mawimbi yote kwa pamoja), nm 950 hadi 1650, ili gari lisishushe mzigo kabla ya kupimwa. Fundi aliyeifunga alizihamishia kalibresheni zetu humo. Tatizo ni kwamba protini ya mashudu ya alizeti inasoma chini kwa karibu pointi 2 za asilimia, na siku za mvua tofauti hiyo inabadilika. Ameshauri tuongeze 2 kwenye jibu, basi. Je, inatosha? Au tuanze upya na Kjeldahl 600?

Jibu: Kuongeza 2 hakutoshi, ndugu yangu, na kuanza upya hakuna haja. Mnahitaji sampuli 25 hadi 30 za kusoma kwenye mashine zote mbili bila hali yake kubadilika katikati, sampuli nyingine 20 au zaidi za kuhakiki zenye majibu ya Kjeldahl, na siku chache za kazi yenye utaratibu. Hesabu zenyewe kompyuta inazimaliza kwa dakika. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba tofauti mnayoipima ni ya mashine peke yake. Unyevu, joto, usagaji na maabara ya rejea vyote huweza kujipenyeza ndani ya tofauti hiyo, na vikishaingia hakuna hesabu itakayovitoa.

Kuna jambo moja hukulitaja ambalo lina uzito kuliko mengine yote: getini mnasaga? Kama maktaba yenu ya sampuli 600 ilijengwa kwa unga uliopita chekeche la mm 1, na getini mnasoma mashudu yalivyotoka kwenye gunia, basi mmebadilisha mashine na sampuli kwa wakati mmoja. Mapande makubwa hutawanya mwanga tofauti na unga. Mwanga hupenya zaidi kabla ya kurudi, ufyonzaji wote unapanda, na vilele vyenye nguvu hubonyea. Juu ya hayo, mashudu ya alizeti yasiyomenywa yana maganda meusi yanayokaa upande mmoja wa dirisha na nyama ya mbegu upande mwingine. Hakuna hesabu ya kuhamisha kalibresheni inayotegemewa kuziba pengo hilo. Wekeni kinu kidogo getini, msage kwa chekeche lile lile la mm 1, au kubalini kujenga kalibresheni ya vitu visivyosagwa tangu mwanzo. Ningeshauri kinu. Kuanzia hapa naandika nikichukulia kwamba mnasaga.

Hatua ya kwanza haihitaji mashine mpya kabisa. Chukueni maktaba ya zamani, kateni spektra zote (michoro ya ufyonzaji wa mwanga kwa kila wimbi) zibaki nm 950 hadi 1650, zipunguzeni ziwe na hatua sawa na ya mashine ya diodi, kisha jengeni kalibresheni upya na muangalie kosa la uhakiki mtambuka (kujaribu kalibresheni kwa sampuli zinazowekwa kando kwa zamu). Kama mashine mpya inatoa nukta kila nm 5, hizo ni nukta 141. Sababu ni kwamba ishara kali za protini ziko karibu na nm 2050 na 2180, za mafuta ziko karibu na nm 1725, 1760, 2310 na 2348, na kilele kikubwa cha maji kiko nm 1940. Vyote hivyo mashine ya getini haivioni. Imebakiwa na kilele cha maji cha nm 1450, mabega ya protini karibu na nm 1500 hadi 1530, na ishara hafifu za mafuta karibu na nm 1210. Unyevu kwa kawaida hauathiriki sana. Protini na mafuta hupoteza kidogo. Nyuzinyuzi ndizo hupoteza zaidi. Kosa la protini likitoka, tuseme, 0.5 likafika 0.65, endeleeni. Kosa la nyuzinyuzi likiwa karibu mara mbili ya lile la zamani, acheni kupima nyuzinyuzi getini na mziache kwa mashine kubwa ya ndani. Hicho ni kikomo cha ukanda wa mawimbi wenyewe, na kuhamisha kalibresheni hakurudishi taarifa ambayo detekta haikuipokea.

Sasa tofauti za mashine zenyewe. Mhimili wa mawimbi unaweza kuwa umehama kwa sehemu ya nanomita au nanomita nzima. Hilo linasikika dogo, lakini kwenye ubavu wa kilele cha maji, ambako mstari unapanda kwa kasi, nanomita moja hubadilisha ufyonzaji zaidi kuliko inavyobadilisha asilimia moja ya protini, na kalibresheni inayotumia derivativu (mteremko wa spektra kila nukta) hulikuza zaidi. Halafu upana wa ukanda unatofautiana: mashine yenye ukanda mpana huchora kilele kifupi na kinene zaidi. Kipimo cha mwanga nacho kinatofautiana, kwa sababu kigae cheupe cha rejea kinaweza kuwa cha kauri kwenye moja na cha Spectralon (plastiki nyeupe maalumu) kwenye nyingine. Mwisho ni umbo la usomaji, yaani ukubwa wa dirisha, pembe ya taa, na kama kikombe kinazunguka au kimetulia.

Mhimili wa mawimbi urekebishwe kabla ya yote, na urekebishwe kwenye mashine yenyewe, si kwenye hesabu. Tumieni kipande cha polistirini, ambacho vilele vyake viko karibu na nm 1143, 1681, 2167 na 2306. Kwenye ukanda wenu ni kile cha nm 1143 tu kinachoonekana, na kimoja hakionyeshi kama mhimili umenyooka mwisho hadi mwisho, kwa hiyo ni vizuri kupata pia kioo au kigae chenye oksidi za holmiumu, erbiumu na disprosiumu. Kama mashine ina jaribio lake la ndani la mawimbi, liendesheni baada ya mashine kuwaka saa nzima. Likishindwa, aitwe fundi wa mashine kwanza.

Kwenye sampuli za uhamisho, chagueni kwa spektra, si kwa macho wala kwa kuchota 30 za mwisho zilizoingia. Njia ya Kennard na Stone ya mwaka 1969 inafaa: fanyeni uchanganuzi wa vijenzi vikuu (kufupisha kila spektra kuwa namba chache zinazobeba tofauti kuu) kwenye maktaba, chukueni sampuli mbili zilizo mbali zaidi, kisha kila mara ongezeni ile iliyo mbali zaidi na zote zilizokwisha kuchaguliwa. Sampuli za zamani zilizohifadhiwa zinaweza kutumika, hata zilizobadilika kidogo tangu zipimwe Kjeldahl, kwa sababu hapa majibu ya kemia hayahitajiki. Kinachohitajika ni kwamba unga ule ule usomwe pande zote mbili. Hakikisheni kuna mashudu yenye mafuta mengi ya kukamuliwa kwa mashine ndogo, yenye mafuta machache, makavu, yenye unyevu, yaliyomenywa na yasiyomenywa. Soya na pumba zipate seti zao. Msichanganye vitu vitatu kwenye hesabu moja kwa kutaka kuokoa muda.

Namna ya kusoma ndiyo inayoamua. Wakati wa masika hapa Dar unyevu wa hewa asubuhi hupita asilimia 80, na unga wa mm 1 ukiachwa wazi mezani huanza kunyonya maji mara moja. Ndani ya chumba chenye kiyoyozi unaweza kufanya kinyume chake, ukakauka. Mkisoma ndani saa nne na getini saa nane, tofauti mtakayoipata ina maji ndani yake. Kwa hiyo sageni, acheni unga upoe kwenye mfuko uliofungwa (kinu hupasha joto na kukausha), uchanganyeni vizuri, kisha mgawe. Kama mashine ya getini inabebeka, ileteni ndani ikae meza moja na ile kubwa kwa siku ya kazi hii, chumba kikiwa nyuzi 23 hadi 25. Kama haibebeki, tumieni mifuko ya foili iliyozibwa, na kila sampuli isomwe pande zote mbili ndani ya nusu saa. Sampuli iliyotoka kwenye friji isifunguliwe hadi ifikie joto la chumba, la sivyo mvuke wa hewa utageuka maji juu yake.

Kila sampuli ijazwe upya mara 3 kwenye kila mashine. Kujaza upya maana yake ni kumwaga, kuchanganya na kujaza tena, si kubonyeza kitufe mara tatu. Wastani wa hizo tatu ndio unaingia kwenye hesabu, na mtawanyiko wake ni kipimo cha thamani sana: ukikuta tofauti kati ya mashine mbili si kubwa kuliko tofauti ya kujaza upya, hamna cha kuhamisha, na tatizo lenu liko kwenye uchukuaji wa sampuli.

Tukija kwenye njia za hesabu, ile aliyoshauri fundi wenu ndiyo nyepesi kuliko zote: kusahihisha wastani, au wastani pamoja na mteremko. Si njia mbaya. Kwa mashine mbili za aina moja mara nyingi inatosha. Lakini inagusa jibu la mwisho tu. Chukueni sampuli 20, chora kwenye Excel majibu ya mashine mpya dhidi ya ya zamani. Nukta zikikaa kwenye mstari mwembamba ulio sambamba na ule ambako majibu mawili yanalingana, kuongeza namba moja kunatibu. Zikiwa wingu, kuongeza 2 kutalipeleka wingu zima juu, na gari moja litasomeka sawa huku jingine likikosewa kwa 1.5. Na msiguse mteremko kama sampuli zenu zimebanana, kwa mfano zote kati ya 28 na 31. Mteremko unaotokana na upana huo ni bahati nasibu, na siku likiingia gari la 22 ndipo utakapowadhuru.

Kwa hali yenu, gretingi upande mmoja na diodi upande mwingine, ningetumia PDS, njia iliyotangazwa na Wang, Veltkamp na Kowalski mwaka 1991. Kila nukta ya mashine moja inatabiriwa kutokana na dirisha dogo la nukta jirani za mashine nyingine, kwa regresheni iliyojengwa juu ya sampuli zile 25 hadi 30. Kwa hiyo inasahihisha kuhama kwa mawimbi, upana wa kilele na kimo chake kwa pamoja, kila mahali kwa kiasi chake. Mkiwa na hatua ya nm 5, anzeni na dirisha la nukta 3, yaani moja kila upande, kisha 5. Ndani ya dirisha tumieni vijenzi 2, visizidi 3. Kateni nukta za mwisho pande zote mbili, maana hapo dirisha halijatimia. Baada ya hapo chora spektra zilizogeuzwa na mziangalie kwa macho. Zikionyesha meno ya msumeno au mruko wa ghafla kati ya nukta mbili jirani, mmepitiliza: punguzeni vijenzi au dirisha. Kwa unga kama huu napendelea kufanya SNV kwanza (kutoa wastani wa kila spektra na kuigawa kwa mkengeuko wake sanifu) kwenye spektra za pande zote mbili, ndipo PDS ifuate, kwa sababu mgandamizo wa unga kikombeni haujirudii sawasawa na SNV huondoa sehemu kubwa ya hilo. Jaribuni na bila SNV, mlinganishe kwenye sampuli za uhakiki.

Mwelekeo wa kugeuza una maana yake. Wengi hugeuza kila usomaji mpya ufanane na mashine ya zamani, kisha hutumia kalibresheni ya zamani. Kwenu ningefanya kinyume: geuzeni maktaba yote ya 600 ifanane na mashine ya getini, kisha jengeni kalibresheni mpya humo. Kazi ya kila siku getini inabaki nyepesi bila hesabu ya kati, na mnaweza kuendelea kuongeza sampuli mpya kwenye maktaba hiyo. Sampuli hizo mpya ni muhimu. Ongezeni 20 hadi 30 zilizosomwa getini kweli, zenye Kjeldahl, tofauti na zile za uhakiki. Kwa kuwa 20 humezwa na 600, zipeni uzito, kwa mfano kwa kurudia kila moja mara 3 hadi 5 kwenye faili la kujengea. Wakati wa uhakiki mtambuka nakala zote za sampuli moja zikae kundi moja, vinginevyo kosa litaonekana dogo kuliko lilivyo.

Sasa mvua. Sehemu ya mabadiliko mnayoyaona huenda ni ya kweli kabisa. Mashudu yenye unyevu wa asilimia 8 na protini 30 yakinyonya maji hadi asilimia 10, protini inashuka hadi 29.3 bila mashine kukosea chochote. Kwa hiyo linganisheni protini kwa msingi wa kitu kikavu kabla ya kulaumu mashine. Kitakachobaki baada ya hapo ni joto. Kilele cha maji karibu na nm 1450 husogea kuelekea mawimbi mafupi joto likipanda, na kalibresheni iliyojengwa chumbani kwenye nyuzi 24 haijawahi kuliona hilo. Detekta ya InGaAs (aina ya detekta ya infraredi) nayo hubadilisha mkondo wake wa giza, yaani ishara inayotoa bila mwanga, kadiri inavyopata joto, ndiyo maana getini rejea nyeupe na ya giza zisomwe mara kwa mara, angalau kila nusu saa au kabla ya kila gari.

Dawa yake ni kuifundisha kalibresheni. Chagueni sampuli 8 hivi, zizibeni vikombeni, zisomwe kwenye mashine ya getini zikiwa nyuzi 20, 25, 30 na 35. Kwa kila sampuli toeni wastani wake kutoka kwenye masomo yake manne. Kinachobaki ni umbo la athari ya joto peke yake. Umbo hilo linaweza kuondolewa kwenye spektra zote kwa njia ya EPO, ambayo ilitangazwa mwaka 2003 kwa ajili ya kupima sukari ya matunda kwenye joto tofauti: mnatafuta vijenzi 1 hadi 3 vya tofauti hizo na kuvifuta kwenye maktaba na kwenye kila usomaji mpya. Anzeni na kijenzi 1. Tahadhari kubwa: athari ya joto na ishara ya unyevu zinashirikiana eneo moja la spektra, kwa hiyo EPO inayosaidia protini inaweza kuiharibu kalibresheni ya unyevu. Kila kipimo kiamuliwe peke yake.

Uhakiki ufanywe kwa sampuli 20 au zaidi ambazo hazikuingia kwenye uhamisho wala kwenye ujenzi, kutoka magari tofauti: ya Singida, ya Dodoma, na popote mnaponunua. Zipelekeni maabara ile ile iliyopima maktaba. Kama imebadilika, au imehama kutoka Kjeldahl kwenda Dumas (kipimo cha naitrojeni kwa kuchoma sampuli), pimeni kwanza sampuli 8 hadi 10 pande zote mbili. Dumas huelekea kutoa protini juu kidogo kwa kuwa hukamata hata naitrojeni ambayo Kjeldahl haiioni, na tofauti hiyo mtaiita kosa la mashine bure. Kisha hesabuni vitu viwili kwa kutenganisha: wastani wa makosa, na mkengeuko sanifu wa makosa hayo baada ya kutoa wastani, yaani SEP. Kiwango cha ISO 12099, kinachohusu NIR kwenye vyakula vya mifugo na nafaka, kinaupima wastani wa makosa kwa kuulinganisha na t × SEP ÷ √n (t ni namba ya jedwali la t la takwimu, n ni idadi ya sampuli). Kwa sampuli 20 hiyo ni karibu 0.47 ya SEP. Tuseme SEP yenu ni 0.6: wastani wa makosa ukiwa ndani ya ±0.28 msisahihishe chochote, maana mtakuwa mnakimbiza bahati. Ukizidi hapo, ni halali kuusahihisha. Kwa sampuli 10 mpaka huo unapanuka hadi karibu 0.72 ya SEP, ndiyo sababu marekebisho yanayofanywa kwa sampuli tano au sita huyumba kila wiki.

Mashine ya getini iwekwe kwenye UPS, si kwa hofu ya kuzimika tu bali kwa kuwa umeme unaopanda na kushuka hubadilisha joto la taa, na taa ya halojeni ikibadilika joto umbo la mwanga wake hubadilika. Kigae cheupe kifutwe vumbi la pumba kila asubuhi. Tunzeni vikombe 10 vilivyozibwa kutoka kwenye seti ya uhamisho ndani ya sanduku lenye silika. Kimoja kisomwe kila siku na jibu liandikwe kwenye chati. Taa ikibadilishwa, au fundi akifungua mashine kwa sababu yoyote, vikombe vyote 10 visomwe tena kabla gari la kwanza halijapimwa: wastani ukihama peke yake mnarekebisha namba moja, mtawanyiko ukiongezeka mnarudia PDS.